Hina nyeusi si hina: tunawapaka nini binti zetu, Pwani hadi Kongo?

Siku ya kumi baada ya Idi, dada yangu alinitumia picha kwenye simu. Yeye anaishi Kongo, pale Kawangware, Nairobi, mwaka wa kumi na mbili sasa. Nilidhani ni picha za watoto na nguo zao mpya zimechelewa kunifikia. Kumbe ilikuwa picha ya mkono wa binti yake, mpwa wangu wa miaka kumi na minne. Maua aliyochorwa usiku wa kuamkia Idi yalikuwa bado yanaonekana, lakini si kwa rangi. Yalikuwa yamevimba. Kila jani, kila kikonyo, kila nukta imegeuka lengelenge.

Nikampigia. "Mjomba, inawasha hata usiku silali," akaniambia. Nikamuuliza alipakwa nini. "Hina tu, mjomba. Ile nyeusi." Zahanati aliyopelekwa aliulizwa swali hilo hilo akatoa jibu hilo hilo, na kwenye kadi yake pakaandikwa kwamba ana aleji ya hina. Basi. Mti ambao bibi zetu wameutwanga na kuupaka vizazi na vizazi ukaandikiwa kosa ambalo haukulitenda.

Leo nataka kuutetea mti huo, na wakati huo huo kutuuliza sisi wenyewe, watu wa Pwani na jamaa zetu walioko bara, tunawapaka nini watoto wetu kwa jina lake.

Swali hili limekuja wakati dunia imeipa hina heshima kubwa. Mwezi Desemba 2024, katika kikao kilichofanyika Asunción, Paraguay, UNESCO iliingiza hina, pamoja na mila na sanaa zake, katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Ombi lilipelekwa kwa pamoja na nchi 16 za Kiarabu, zikiwemo Oman, Yemen, Falme za Kiarabu, Misri, Morocco na Sudan. Msomaji akiipitia orodha hiyo hataiona Kenya wala Tanzania. Nchi ambazo bi harusi wa Lamu, Mombasa, Tanga na Unguja hatoki ndani bila hina hazimo.

Wako waliolalamika kwamba tumesahauliwa. Mimi sioni kwamba tumenyimwa, maana anayepeleka ombi ndiye anayeandikwa, na sisi hatukupeleka. Kenya imeridhia mkataba huo wa UNESCO tangu mwaka 2007 na mlango haujafungwa. Ufugaji wa kozi wa kuwindia uliingizwa mwaka 2010 na nchi 11, na kufikia mwaka 2021 zilizojiunga zilikuwa 24. Sisi pia tunaweza kubisha hodi. Lakini mtu hualika wageni akiwa ameshafagia nyumba. Tukiulizwa kesho, "Hina yenu ni ipi?", tutaonyesha mti au tutaonyesha kile kijiboksi cheusi?

Tuanze na mti. Mhina ni kichaka cha nchi za joto, kirefu kuliko mtu kikiachwa kikue, chenye majani madogo yanayokabiliana mawili mawili na maua madogo meupe au ya rangi ya maziwa yenye harufu inayotangulia mti wenyewe. Ukipita jioni nyuma ya nyumba yenye mhina uliochanua, pua itakuambia kabla ya jicho. Huko India maua hayo hukamuliwa manukato. Baada ya maua huja vitunda vya mviringo vyenye mbegu nyingi ndogo ndogo. Mti huu haupendi baridi, lakini jua kali na ukame unavumilia. Hapa Kenya humea hata bila kupandwa, kando ya mito katika sehemu za joto. Ndugu zetu Wasomali wanauita cillaan na wanaujua vizuri kama sisi.

Matumizi yake wengi tunayajua. Vidole na nyayo za bi harusi. Nywele za akina mama. Ndevu za wazee wetu, kwa kuwa kubadilisha mvi kwa hina ni jambo lenye asili katika sunna. Wapo wanaopaka nyayoni kupoza joto, na wapo waliotia rangi ngozi na nguo kwa majani hayo hayo. Hata kama ua wa nyumba mhina unafaa, maana ukikatwa unachipua tena.

Sasa sikiliza jinsi rangi inavyofanya kazi, kwa sababu hapa ndipo ukweli na uongo vinapoachana. Ndani ya jani kuna kemikali ya asili inayoitwa lawsoni. Jani likikaushwa, likasagwa na kuchanganywa na maji au ndimu, lawsoni hutoka polepole na kushikana na keratini, yaani ile protini iliyo katika ngozi ya juu, kucha na nywele. Hufanya hivyo kwa saa kadhaa. Ukibandua ujiuji wake utaona rangi ya chungwa, na wengi wasiojua huvunjika moyo hapo. Lakini ukingoja siku moja au mbili, rangi inaiva yenyewe, inakuwa nyekundu ya kukolea au hudhurungi. Kiganjani na kwenye unyayo, ambako ngozi ni nene, inaweza kukolea sana. Baada ya wiki moja hadi tatu inafifia kadiri ngozi ya juu inavyobanduka.

Kwa hiyo hina ina mambo mawili ambayo hayabadiliki: inataka muda, na rangi yake ni ya jamii ya nyekundu. Mtu akikuahidi maua meusi kama wino, nyuma ya mkono, kwa dakika ishirini, hicho anachokupaka hakikutoka kwenye mhina. Hata akikiita hina mara mia.

Kimetoka wapi basi? Pwani tunalo jina lake: piko. Ni unga mweusi wa kupaka nywele, unaouzwa madukani katika vijiboksi na vipakiti. Kinachoufanya uwe mweusi ni kemikali iitwayo parafenilenediamini, kwa kifupi PPD. Kwenye nywele, kwa kiasi kilichopimwa na mikono iliyovaa glavu, kemikali hiyo inaruhusiwa nchi nyingi. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha asilimia 2 katika dawa ya nywele inapopakwa, na hauruhusu ipakwe kwenye ngozi. Marekani nayo inairuhusu kwa nywele, si kwa ngozi. Hata vijiboksi vingi vya rangi za nywele vina maelezo yanayomtaka mtu ajaribu tone dogo kwenye ngozi na kungoja saa 48 kabla ya kutumia. Nani kati yetu amewahi kuyasoma?

Madhara yake si ya kila mtu, na hapo ndipo mtego ulipo. Wasichana kumi watapakwa, tisa watacheka na kupiga picha, na mmoja ataamka na malengelenge. Mara ya kwanza mwili unaweza kuchukua wiki moja au mbili kabla ya kulalamika, ndiyo maana mpwa wangu aliumwa wakati watu wameshasahau Idi. Mara ya pili siku moja hadi tatu zinatosha. Yaliyochorwa hubaki kama kovu, au kama maua meupe mahali ngozi ilipopoteza rangi yake. Na mwili uliokwisha kuikataa PPD kwa kawaida huikataa maisha yote. Msichana huyo akija kuwa mtu mzima, rangi ya nywele inaweza kumvimbisha uso. Baadhi ya rangi za nguo na baadhi ya dawa za ganzi za kupakwa, ambazo kemia yake inakaribiana na hiyo, zinaweza pia kumsumbua. Haya yote kwa ajili ya maua ya siku tatu za Idi.

Sudan, moja ya zile nchi 16, wameyaona makubwa zaidi. Huko tangu miaka ya 1980 madaktari wa Khartoum wameandika kuhusu wagonjwa waliofikishwa hospitali uso na shingo vimevimba mpaka pumzi haipiti, na figo zimesimama, kwa sababu ya PPD iliyochanganywa na hina ili iwahi kuwa nyeusi, au iliyomezwa. Wamo watoto waliofariki. Nalitaja hilo kwa makusudi, maana Nairobi kuna jamii yenye damu ya Sudan na mapenzi ya hina yasiyo na mfano.

Nazungumzia Wanubi wa Kibera. Mababu zao walikuwa askari waliotoka Sudan wakatumikia jeshi la Mwingereza, wakakalishwa mahali walipopaita Kibra, yaani msituni. Harusi ya Kinubi bila hina ya mikono na miguu haijakamilika. Mwanamke wa Makina na mwanamke wa Mji wa Kale Mombasa wanaweza kutofautiana katika chakula na lugha ya nyumbani, lakini wakikaa mkekani na bakuli la hina kati yao wataelewana. Na safari ya matatu kutoka hapo hadi Kawangware si ndefu. Pale Kongo, Mswahili, Mnubi, Msomali, Mluhya na Mkisii wanapanga ploti moja, na msichana wa dini yoyote akienda harusini anataka maua mkononi. Sasa hina Nairobi si ya Waislamu peke yao, na mimi hilo linanifurahisha.

Lakini katika safari hiyo ya kutoka Pwani kwenda jijini kuna kitu kimepotea njiani, nacho ni jina. Nyumbani, bibi zetu walisema "nitie hina" au "nichore piko", na kila mmoja alijua ni vitu viwili. Nairobi vyote vimekuwa "hina", moja nyekundu na nyingine nyeusi, kama vile mteja anachagua rangi ya kanga. Dada yangu alipompa mwanawe shilingi mia mbili aende saluni ya jirani, alidhani anamlipia kile kile alichopakwa yeye siku ya ndoa yake. Daktari naye aliposikia "hina" akaandika hina. Jina moja limewadanganya mama, binti na daktari.

Tusijifanye hata hivyo kwamba Pwani sisi ni wasafi. Sisi ndio tuliochukua kitu cha nywele tukakipaka mikononi, na kwa kuwa wengi walinusurika tukakifanya ada. Mitaani Mombasa na Malindi watalii wamechorwa piko ufukweni na kuambiwa ni hina. Tumewapelekea ndugu zetu wa Kongo na Kibera desturi pamoja na kasoro yake.

Tena tuwe waadilifu kwa wanaochora. Kuna sababu weusi unapendwa. Ngozi zetu nyingi ni nyeusi, na hina nyekundu nyuma ya mkono mweusi haionekani vizuri, hasa kwenye picha. Bi harusi wa leo ana kazi, ana foleni ya barabarani, hana usiku mzima wa kukaa na mikono imefungwa vitambaa. Mchoraji naye analipwa kwa kichwa. Mteja mmoja wa saa nne, au wateja wanane wa nusu saa nusu saa? Ukiwa unalipa kodi ya kibanda Kawangware, hesabu hiyo haihitaji kalamu. Na mikono inayoshika piko kutwa nzima, mara nyingi bila glavu, ni yake. Mchoraji mwenyewe yumo hatarini kabla ya mteja.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema dawa ni kupiga marufuku saluni. Ukimfungia mwanamke kibanda, piko itahamia chumbani na haitaulizwa swali lolote. Kinachotakiwa ni vitu viwili virudishiwe majina yao, na kile cha kweli kipatikane kwa urahisi kuliko cha uongo.

Kwa upande wa majina, Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, ndilo lenye jukumu la viwango vya bidhaa zinazoingia na kuuzwa nchini. Koni au pakiti iliyoandikwa hina ioneshe kilichomo ndani. Isiyo na orodha ya viungo isikae rafuni. Huduma za afya zimo mikononi mwa kaunti tangu Katiba ya 2010, kwa hiyo maafisa wa afya ya umma wa Mombasa, Kilifi, Lamu na Nairobi wanaweza kupita saluni wiki mbili kabla ya Idi, wakati ambapo biashara inaanza, badala ya kungoja malengelenge. Na zahanati ziulize swali la pili: "Hina ilikuwa ya rangi gani, na ilikaa muda gani?" Swali hilo moja lingemwokoa mpwa wangu na kadi yenye makosa.

Kwa upande wa upatikanaji, hapa ndipo mti unaporudi. Hina nyingi inayouzwa madukani imetoka nje, hasa India na Pakistan. Mji mmoja wa India, Sojat katika jimbo la Rajasthan, umejenga maisha yake juu ya jani hili, na mwaka 2021 hina yake ilipata alama ya kisheria inayolinda jina la mahali inakotoka. Rajasthan ni nchi kavu, yenye jua na mvua haba. Nikiisoma sifa hiyo nawaza Ganze, nawaza Magarini, nawaza Tana River. Mhina hutoa rangi nzuri mahali penye joto na ukavu kuliko mahali penye maji mengi. Ardhi tunayoilaumu kila mwaka kwa kukausha mahindi ndiyo huenda ikaupenda.

Kuupanda si elimu ya siri. Mbegu ni ngumu kuota, kwa hiyo hulowekwa siku kadhaa huku maji yakibadilishwa, kisha husiwa kitaluni mahali penye joto. Unaweza pia kutumia vipandikizi vya matawi. Miche huhamishiwa shambani mvua za masika zinapoanza, na ikishika mizizi haikusumbui. Mavuno ya mwaka wa kwanza ni madogo. Kuanzia mwaka wa pili au wa tatu ndipo unapokata matawi mara moja au mbili kwa mwaka, na shamba likitunzwa linavunwa miaka kumi na mitano na zaidi. Majani hukaushwa kivulini ili yabaki na ukijani, na yasinyeshewe, kwani yakilowa yanaharibika. Kisha husagwa na kuchekechwa mpaka unga uwe laini wa kupita kwenye koni. Hiyo hatua ya mwisho ndiyo yenye fedha, na ndiyo tusiyo nayo. Kituo cha KALRO kiko Mtwapa, Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi. Wakulima wachache na kikundi kimoja cha akina mama wakisaidiwa mashine na vipimo vya rangi, tutajua ukweli kwa misimu michache.

Nasema wachache kwa sababu nchi hii imeshachomwa na ndoto. Tunakumbuka kware mwaka 2013 na 2014, mayai yalivyouzwa kama lulu na soko likaanguka watu wakiwa na mabanda mapya. Hina haitamtajirisha mtu kwa mwaka mmoja. Soko lake ni la watu wanaofunga ndoa na wanaosherehekea Idi, na ushindani wa India ni mkubwa. Lakini hina iliyosagwa wiki iliyopita Kilifi na kufika Nairobi kwa basi la usiku ina ubora ambao koni iliyokaa miezi kwenye kontena haiwezi kuwa nao, kwa kuwa hina iliyokwisha kukorogwa hufa baada ya siku chache. Koni inayokaa rafuni miezi bila friji na bado inatoa rangi kali, imetiwa kitu. Na Kongo hawawezi kupanda wenyewe, Nairobi ina baridi. Wao ni soko letu na sisi ni shamba lao.

Kwa mama anayesoma haya kabla ya Idi, mambo ya kushika ni machache. Hina ya kweli ina harufu ya majani makavu yaliyolowa. Ikinuka mafuta ya taa, petroli au dawa, ondoka. Uji wake ni kijani cha udongo, si mweusi. Ikae saa kadhaa, na rangi ya kwanza iwe ya chungwa. Akishikwa na malengelenge baada ya kuchorwa, nenda hospitali na useme "piko" au "hina nyeusi", usiseme hina tu. Na hata hina safi usimpake mtoto mchanga: wapo watoto waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali inayopatikana sana katika nchi za malaria kama yetu, na kwao lawsoni inaweza kupasua chembe za damu.

Maimamu wetu nao wana nafasi. Ijumaa ya mwisho ya Ramadhani huzungumzwa zakatul fitri, kama inavyostahiki. Dakika mbili zikitolewa kuwakumbusha wazazi kwamba dini yetu imekataza kujidhuru na kumdhuru mwingine, na kwamba piko mkononi mwa mtoto ni sehemu ya hilo, ujumbe utafika nyumba ambazo gazeti halifiki.

Mpwa wangu amepona. Mkono wake umebaki na ua jeupe, na amezoea kulificha kwa mkono wa baibui. Nimemwambia mama yake airudishe ile kadi zahanati iandikwe upya, maana siku moja daktari mwingine ataitegemea. Mwenyewe nimepata vipandikizi vitatu kwa jirani yangu mzee, nimevipanda nyuma ya nyumba. Viwili vimeshika. Mpwa wangu alinipigia wiki iliyopita akaniuliza, "Mjomba, hiyo ya kwenu haitaniunguza?" Nikamwambia majani yakikomaa nitayatwanga mwenyewe na kumpelekea, tutajaribu tone dogo kwanza baada ya kumuuliza daktari, na tutangoja. Hina haina haraka.